Tembo Asiyekunywa Rangi

Mfuniko bado uko mkononi mwa Abir, na mvuke bado unampiga usoni. Wiki nzima nimemwacha amesimama hapo jikoni, na najua mmenilaani kwa hilo. Dada mmoja muuza maua pale kituo cha Ramle amekataa hata kuniuzia waridi mpaka nimwambie kulikuwa na nini ndani ya sufuria.

Haya basi. Ndani ya sufuria kulikuwa na jeshi jekundu la sataranji. Ila halikuwa jekundu tena.

Shaha mweupe. Waziri mweupe. Tembo weupe, farasi weupe, ngome nyeupe, na askari wao wote weupe kama vitunguu saumu vilivyomenywa. Wekundu wote ulikuwa umehamia kwenye maji.

"Mungu wangu," Abir akanong'ona. "Nimemaliza jeshi zima."

Kama wewe ni mgeni hapa, na gazeti hili limekufikia likiwa limefungia dagaa, nikueleze kwa pumzi moja. Abir ni bibi harusi wa miezi miwili katika nyumba ya Hajjat Dawlat, mtaa wa Attarin, hapa Iskandaria. Hajjat hukusanya seti kuukuu za sataranji. Kabati lake limejaa, lakini seti moja ndiyo roho yake: ile ya mifupa ya ngamia, nyekundu kwa nyeupe, aliyoachiwa na marehemu mumewe Galal. Galal alikuwa baharia. Meli yake ilizama, na hakurudi hata kofia yake.

Kesho ni Sham Nasim, sikukuu ya machipuko na mayai ya rangi. Kesho hiyo hiyo seti ya Hajjat italinganishwa hadharani na ya Mhandisi Rushdi, mstaafu wa tramu, mwenye tai ya kipepeo na maneno mengi. Seti hizo ni dada, zimechongwa na fundi mmoja. Rushdi ametamka mbele ya mkahawa mzima kwamba ya Hajjat ina mgeni ndani, yaani kete isiyo ya ukoo. Akionekana mgeni hata mmoja, seti ya Galal inahamia kabatini kwa Rushdi. Asipoonekana, Rushdi atavaa shada la vitunguu vya majani shingoni na kuimba mbele ya watu.

Na Abir, kwa nia njema tu, aliona kete zina uchafu wa miaka. Akasema amfurahishe mama mkwe. Akatia sabuni ya unga, akawasha jiko.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Aliingia mumewe Ihab, kakumbatia fungu la saladi na vitunguu vya sikukuu.

"Kunanukia dobi," akasema. "Unapika nini?"

"Urithi wako."

Ihab akachungulia. Saladi ikaanguka.

"Abir! Hizi si kete za baba?"

"Zilikuwa."

"Nyekundu ziko wapi?"

"Ndizo hizo."

Ihab akakaa juu ya gunia la mchele. Ni kijana mpole, na mtu mpole akipatwa na balaa hutafuta pa kukaa kwanza. "Mama atakufa," akasema. "La, hafi. Atatuua sisi, halafu atatuswalia, halafu ndiyo atakufa."

Na hapo hapo, kutoka chini ya ngazi, ikapanda sauti ambayo mtaa mzima wa Attarin unaijua, Hajjat akimfokea muuza samaki.

"Fisikh gani huyu? Nimeomba samaki aliyevundikwa, sikuomba aliyeoza! Nipe yule mnene! Ihab! Abir! Mhandisi anakuja baada ya alasiri kupiga lakiri, sanduku liwe sebuleni!"

Nisikilizeni hapa, maana ndipo kamba ilipokaza. Desturi ya wakusanyaji wetu ni kwamba siku moja kabla ya kulinganisha, mpinzani huja nyumbani kwako. Anafungua sanduku, anaona kete zimetimia, analifunga kwa uzi na kulipiga lakiri, nta ya muhuri, ili usiku usije ukachomeka kitu au kuchomoa kitu. Kuchunguza haruhusiwi. Kutazama tu. Lakini hata kipofu wa jicho moja angeona kwamba sanduku lina majeshi mawili meupe.

"Tumwambie mama," akasema Ihab.

"Wewe mwambie. Mimi nitakuwa kwetu, mjini Rashid."

"Basi tufanyeje?"

Macho ya Abir yalikuwa yameganda kwenye beseni la mayai. Mayai meupe, yanangoja kupakwa rangi za Sham Nasim. Pembeni yake, tayari kabisa, maganda ya vitunguu, bakuli la karkade, yale maua mekundu ya chai, chupa ya siki na kijiwe cha shabu.

"Ihab," akasema polepole. "Ganda la yai ni nini?"

"Ganda ni ganda."

"Na mfupa si chokaa ile ile?"

Ihab akasimama kutoka kwenye gunia. "Mke wangu," akasema, "ama wewe una akili sana ama huna kabisa."

"Leta sufuria nyingine. Kwetu tunapaka mayai rangi mpaka kuku mwenyewe anayakana. Leta!"

Karkade ikachemka, siki ikaingia, shabu ikafuata. Abir akatumbukiza kete moja moja kwa kijiko, akisoma Bismillahi kwa kila moja. Shaha akaanza kuona haya. Waziri akapata rangi mashavuni. Askari wakawa wekundu kama watoto waliotoka kuiba fursadi. Ihab akashangilia kimya kimya, mikono juu, kama mtu anayetazama mpira nyumbani kwa mgonjwa.

"Wote?" akauliza.

"Wote," akasema Abir. Kisha akasita. "La. Ngoja."

Akainua kijiko. Tembo mmoja alikuwa mweupe vile vile. Akamrudisha, akamwongezea karkade, akamwongezea siki, akamsugua kwa shabu. Akamtoa tena. Mweupe pe, anang'aa, kama hajawahi kuliona jiko.

"Huyu hanywi rangi," akasema.

Ihab akamchukua, akampima kiganjani, akamgonga kwenye jino. Uso wake ukabadilika.

"Abir. Huyu si mfupa. Ni plastiki."

Abir akamnyang'anya tembo, naye akamgonga kwenye jino lake.

"Mgeni," akanong'ona Abir. "Rushdi alisema kuna mgeni."

"Alijuaje?" Ihab akaruka. "Alijuaje kama si yeye aliyemtia? Ramadhani iliyopita si aliazima sanduku wiki nzima, eti alipige picha? Mwizi! Kamtoa tembo wetu, katutilia takataka, halafu anasimama mkahawani kupiga kelele! Nampasua leo!"

"Utampasua mzee wa watu kwa ushahidi gani? Utasema ulimgundua vipi? Kwa kumchemsha?"

Ihab akarudi kwenye gunia lake. Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo taabu ya siri: hata ukikamata mwizi huwezi kupiga yowe.

Adhana ya alasiri ikaanza. Abir akazitoa kete, akazipanga juu ya taulo, Ihab akazipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Kumi na tano tayari. Tembo wa plastiki bado mweupe.

"Rangi ya kucha," akasema Abir.

"Unayo?"

"Ya waridi tu. Nataka nyekundu."

Akakimbilia chumbani kwa Hajjat, akafungua droo ya meza ya kioo, si kwa matumaini, kwa kutapatapa tu. Na pale, nyuma ya tasbihi na chupa ya manukato, ikamtazama chupa ya rangi ya kucha. Nyekundu iliyoiva. Karibu mpya, imepungua kidogo tu.

Abir akarudi nayo jikoni mbio, akampaka tembo, akampulizia. Rangi ikamkaa vizuri ajabu. Ikamkaa vizuri mno. Ndipo alipoona kitu kimenasa kwenye kichujio alichomwagia yale maji ya kwanza: kipande chembamba cha rangi nyekundu kilichobanduka, kimejikunja kama ganda la kitunguu. Akakiweka ukuchani kwake. Rangi ile ile.

Akatazama chupa. Akatazama kichujio.

"Ihab, mama yako anaswali swala tano."

"Na za sunna juu."

"Mwanamke anayetawadha mara tano kwa siku, rangi ya kucha anaifanyia nini? Umewahi kumwona kaipaka?"

"Tangu baba afe? Hata hina hapaki." Ihab alikuwa ameshafika alipofika mkewe. "Unataka kusema nini?"

"Nasema tembo huyu alipakwa kabla yangu. Rushdi hakumtia humu. Mama ndiye aliyemtia."

Sasa hebu tulieni, msinitupie kahawa. Ndiyo! Hajjat Dawlat, mwenye sauti ya kutikisa ngazi, alijua siku zote kwamba seti yake ina pengo. Ameliziba kwa plastiki na rangi ya kucha. Kesho inachunguzwa na mtaalamu mbele ya watu, na ameshindana akijua kwamba atashindwa, kwa sababu changamoto ilitolewa mkahawani, na yeye si mtu wa kurudi nyuma watu wakimtazama.

Kengele ya mlango ikalia.

Abir akafunga mapazia ya sebule yote. "Kichwa kinaniuma, mwanga unanichoma," akamweleza mama mkwe, na wala halikuwa uongo. Sebule ikawa na giza la kaniki. Hajjat hakupinga. Alikaa kwenye kochi mgongo umenyooka, tasbihi mkononi, uso ameugeuzia ukutani, mbali na sanduku. Zamani Abir angefikiri ni kiburi. Leo aliona ni hofu, na moyo ukamuuma.

Mhandisi Rushdi akaingia, tai ya kipepeo shingoni, sanduku la ringa, samaki wa moshi, mkononi kama zawadi.

"Hajjat wangu, kila mwaka na wewe u salama!"

"Na wewe u salama, Mhandisi. Umeleta ringa ili nikuone una ukarimu?"

"Nimeleta ringa ili kesho usilie na tumbo tupu."

"Kesho atakayelia ni yule mwenye vitunguu shingoni. Funga kazi yako uondoke, samaki wangu anaharibika."

"Fisikh anaharibikaje, Hajjat? Si ndiyo kazi yake?"

Wote wakacheka, hata Ihab, ambaye alikuwa kapanga kumpasua. Rushdi akafungua sanduku. Akainama gizani, akapapasa. Kidole chake kikapita kwa weupe, kikaingia kwa wekundu: ngome, farasi, tembo...

Kikasimama.

Akamwinua tembo. Abir akaona: kidole gumba cha Rushdi kilikuwa na alama nyekundu. Rangi ilikuwa bado mbichi!

Rushdi akatazama kidole. Akamtazama Abir. Akamtazama Hajjat, aliyekuwa bado ameuelekea ukuta, tasbihi imekwama kwenye punje moja.

Kisha mzee akatoa leso mfukoni, akafuta kidole, akamfutafuta tembo ndani ya leso, akamrudisha mahali pake.

"Zimetimia," akasema, sauti yake ikiwa ya chini kuliko kawaida. Akazungusha uzi, akayeyusha lakiri, akagonga muhuri wa pete yake. Mlangoni akamwinamia Abir. "Bibi harusi, mikono yako ina rangi ya mayai. Sikukuu njema."

Ameona, Abir akawaza. Ameona na amenyamaza ili atuaibishe kesho mbele ya watu wengi zaidi.

Walipobaki peke yao, Abir alitaka kumwambia mama mkwe yote. Alifungua kinywa kabisa. Lakini Hajjat alikuwa ameliweka sanduku mapajani, anapitisha mkono juu ya kifuniko chake.

"Unajua, mwanangu," Hajjat akasema, bila ile sauti ya ngazini, "Galal hana kaburi. Wenzangu sikukuu wanakwenda makaburini na matawi ya mitende. Mimi nina hili sanduku." Akalivuta karibu zaidi. "Likiondoka, nitakwenda wapi?"

Abir akafunga kinywa. Ningekuwa mimi ningefunga pia.

Asubuhi ya Sham Nasim, bustani ya Nuzha haikuwa na nafasi ya kutupa ganda la yai. Mikeka kwa mikeka, harufu ya fisikh mpaka malangoni, watoto wananing'inia kwenye matawi. Chini ya mfikusi mkubwa iliwekwa meza ya wakusanyaji, na nyuma ya meza alikaa mwamuzi, Daktari Bishara.

Daktari Bishara ni daktari wa meno. Msicheke. Nani mwingine atakuambia kwa haraka kipi ni mfupa, kipi ni pembe na kipi ni uongo? Yeye husema kazi ni ile ile, tofauti ni kwamba kete hazipigi mayowe. Siku moja kabla ndipo alipomaliza mfungo mrefu wa Pasaka ya Wakristo wa Kikopti, kwa hiyo jicho moja lilikuwa kwenye sataranji na jingine kwenye sahani ya bata.

"Tuanze," akasema. "Seti ya Mhandisi tumeshaikagua mwaka juzi, ukoo mmoja, haina neno. Sasa tunapanga dada kwa dada. Shaha kwa shaha, waziri kwa waziri. Asiyefanana na nduguye ndiye mgeni."

Akavunja lakiri. Weupe wakatoka kwanza, mmoja mmoja, kila mmoja kando ya mwenzake. Wakafanana kama mapacha. Watu wakaguna kwa kuridhika.

Kisha wekundu.

Jua la Iskandaria halina mapazia, ndugu zangu. Shaha wa Rushdi alikuwa na wekundu wa zamani, mzito, unaokaribia weusi. Shaha wa Hajjat alikuwa mwekundu kama sharubati. Waziri sharubati. Farasi sharubati. Askari, safu nzima, sharubati.

Hajjat akashika ukingo wa meza. "Hizi ni nini?" akasema. "Hizi si kete zangu!"

Daktari akatoa kete ya mwisho, tembo. Akamweka kando ya tembo wa Rushdi. Na hapo Abir akasogea mpaka mezani, maana tembo yule, yule wa plastiki na rangi ya kucha, alikuwa na wekundu mzito wa zamani. Sawasawa na nduguye. Hawatofautiani hata kwa nywele.

Daktari Bishara akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mabibi na mabwana," akasema, "miaka yangu yote ya uamuzi sijaona hili. Nimeambiwa nitafute mgeni mmoja. Hapa wageni ni kumi na watano. Mwenyeji ni mmoja tu!"

Bustani ikalipuka. Mtu akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini.

"La, la, Daktari!" Aliyepiga kelele, amini usiamini, alikuwa Rushdi. Tai yake ilikuwa imepinda. "Tazama tena! Hizo ni kete za ukoo!"

"Mhandisi, unashinda, nyamaza ushinde."

"Sitaki kushinda! Yaani, nataka, lakini si hivi! Tazama tena!"

"Huyu kapigwa na jua," akasema daktari. "Kwa mujibu wa mapatano, seti hii..."

Hajjat alitokwa na machozi tu, na hakuyafuta. Abir aliyaona. Akasahau miezi miwili ya kuogopa, akapanda juu ya kiti.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Nilizichemsha mimi!"

Watu wa mikeka ya mbali wakasimama kutazama.

"Umefanya nini?" akauliza daktari.

"Nilitaka kuzisafisha ili Mama Hajjat afurahi. Zikawa nyeupe. Nikazipaka rangi ya mayai. Kete ni zile zile, naapa! Kosa ni langu, msichukue seti, nirudisheni mimi kwetu!"

"Ulizichemsha," akasema Hajjat.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa sabuni gani?"

"Ya unga. Ile ya mfuko mkubwa."

"Ile ya kufulia mazulia?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Halafu wa pili. Halafu bustani yote ikaangua kicheko, na Daktari Bishara akacheka mpaka ikabidi anywe maji. Lakini yeye ni mwamuzi. Akanyanyua mkono.

"Kumi na tano ulizipaka. Na ya kumi na sita?"

Abir akamtazama mama mkwe. Neno moja tu lingetosha kumwaga siri ya rangi ya kucha mbele ya Iskandaria yote.

"Ya kumi na sita ilikataa rangi," akasema. Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Hajjat akamtazama kwa muda. Nadhani hapo ndipo alipompokea nyumbani kwake, si ile siku ya ngoma na zafa ya harusi.

Daktari akachukua lenzi. Sasa hakutazama rangi. Akatazama kiuno cha kila kete. Fundi aliyechonga seti hizi dada, akatueleza, kisu chake kilikuwa na pengo dogo, na kila alipozungusha kiuno cha kete, pengo liliacha mstari mwembamba. Shaha anao. Waziri anao. Farasi, ngome, askari wote wanao, chini ya sharubati yao. Akamchukua tembo mzito mwekundu. Akatazama sana.

"Anao," akasema. "Mfupa wa ngamia, mkono mmoja, kisu kimoja. Hakuna mgeni. Kuna ndugu kumi na watano waliokwenda kuoga. Leteni vitunguu!"

Sijawahi kusikia shangwe kama ile. Rushdi akavishwa shada la vitunguu, akaimba wimbo wa mapenzi kwa sauti ya tramu inayokata kona, na ajabu ni kwamba alikuwa anatabasamu masikio kwa masikio. Ihab akamnyanyua mkewe juu. Abir alikuwa analia na kucheka, na bado haelewi: plastiki imegeukaje mfupa ndani ya sanduku lenye lakiri?

Kisha akakumbuka leso ya Rushdi.

Hajjat naye alikuwa amemchukua tembo kutoka mezani, pengine ili amfiche haraka. Akampima kiganjani. Mzito. Baridi. Akamgeuza, na juu ya sikio lake moja akaona alama za meno, alama za mtu mwenye tabia ya kuuma kete anapofikiri.

Shangwe ikaendelea kila mahali isipokuwa usoni kwake.

"Rushdi," akasema. Hakusema Mhandisi. "Wimbo basi. Njoo hapa."

Rushdi akaja, vitunguu vikining'inia.

"Galal alikuwa kila safari anachukua kete moja mfukoni," Hajjat akasema. "Mabaharia wa hapa wote walikuwa hivyo. Seti yenye pengo, alikuwa akisema, humvuta mtu arudi nyumbani. Safari ya mwisho alimchukua huyu. Meli ilizama naye. Umemtoa wapi?"

Rushdi akavua tai yake ya kipepeo, kana kwamba inamkaba.

"Ramadhani niliona tembo wako ni wa plastiki," akasema. "Nikasema nimekupata. Nikakupa changamoto nikijua nitashinda. Ni mimi niliyekuwa mbaya, Hajjat. Halafu Alhamisi mzee mmoja akaniletea huyu sokoni. Hakutaka pesa. Aliuliza kitu kimoja tu."

"Aliuliza nini?"

"Kama pengo lake bado liko wazi."

Hajjat akamkaza tembo mkononi mpaka vidole vikawa vyeupe. "Huyo mzee yuko wapi?"

"Nimemwalika sikukuu. Aliogopa kuja mezani." Rushdi akaonyesha kwa kidevu. "Yule pale mkekani, anayemenya yai."

Mwanamume mwenye mvi akainua kichwa. Yai likamponyoka, likabiringika nyasini.

"Mama," akasema Ihab, "yule ni nani?"

Hajjat Dawlat aliinama, tembo bado kashikwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akavua kiatu kimoja. Kisha akaanza kwenda, mbio, moja kwa moja kwenye ule mkeka, na sisi tuliokuwa bustanini siku ile hatukujua kama amekivua ili akimbie vizuri, au ili akirushe.